Draya Iliyosimama Kila Nilipokaribishwa

Weka bisibisi chini kwanza. Najua mkono unakuwasha, hata mimi nilikuwa hivyo hivyo, nikiona skrubu naona kama inaniita kwa jina. Lakini draya isiyotaka kusimama haifunguliwi mgongo siku ya kwanza. Inatazamwa. Kaa hapo nikueleze, na kama una chai kunywa, maana mimi nikianza safari ya kwenda Njombe napitia Makete, walionizoea wanalijua hilo.

Shule niliishia darasa la nne. Wanaosema la tano wananitukuza. Haya naandika kwa mkono wangu mwenyewe, polepole, na mke wangu akipita nyuma anachungulia na kusema, "Baba Faraja, hilo neno umelirudia." Namjibu kwamba hata mashine ya kufulia inarudia, ndiyo maana nguo zinatakata. Yeye ni mwanamke wa Lupingu, kule ziwani, na tangu nimemleta huku juu hajawahi kunisamehe baridi. Anasema kwao nguo zinakauka wakati bado unazianika. Basi namwambia, mama, kama ningeoa na kukaa Lupingu ningekufa njaa, maana nani kule angenunua mashine ya kukaushia nguo?

Kazi yangu ilikuwa hiyo, mashine za dobi. Za kufulia, za kukamulia na hizi za kukaushia. Nyumba yangu iko Makambako na kazi nyingi zilikuwa Njombe. Kwenye gesti, mabweni ya shule na madobi ya mjini walinijua kwa jina la Fundi Upepo. Jina hilo lina mwenyewe aliyenipa, na tutamfikia.

Aliyenifundisha ni Mzee Sanga, Mkinga wa Makete, Mlutheri asiyecheka kanisani lakini nje ya kanisa alikuwa balaa. Mimi Mbena, Mkatoliki, kwa hiyo tulitaniana asubuhi mpaka jioni. Alikuwa akisema, "Mbena akiona kiazi anaona chakula cha jioni. Mkinga akiona kiazi anaona duka." Nami namuuliza, sasa wewe duka lako liko wapi, mbona uko chini ya mashine na mimi? Anasema, "Nimekuja kuwahurumia."

Yeye alikuwa amezeekea chumba cha kufulia cha hospitali moja ya misheni, kwenye mashine zenye ngoma ambayo ndama angelala ndani na kugeuka. Alinifundisha neno moja nililokula nalo ugali maisha yangu yote. Alisema, "Mashine haina kiburi. Kiburi ni cha mtu. Mashine ikikataa kusimama, kuna mtu au kitu kinaiambia 'endelea.' Usipigane na anayeambiwa. Mtafute anayesema."

Na wanaosema si wengi, ndiyo raha ya kazi hii.

Wa kwanza ni mlango. Fungua mlango draya ikiwa inazunguka. Ngoma ikisimama, swichi ya mlango ni nzima, msalimie uendelee mbele. Ngoma ikiendelea kuzunguka mlango ukiwa wazi, usiingize mkono hata kama umeona soksi yako mwenyewe humo ndani. Nenda ukutani, zima umeme wote, ndipo urudi. Nimeona mtu akiingiza mkono kunyakua shati, akatoka na shati na bega limetoka mahali pake.

Wa pili ni saa yake, taima. Za zamani zilikuwa na kitufe kikubwa cha kuzungusha, kinarudi taratibu kikitikitika. Kikikwama njiani, mashine inadhani muda bado upo. Hizi za siku hizi zina kioo na taa, zinakuandikia kosa lenyewe kwa namba. Soma namba. Usiwe kama mimi niliyedhani ni bei.

Wa tatu ni kontakta. Hiki ni kile kidude kinachopiga "ka!" mashine ikiwaka na "ka!" ikizimika. Ndani yake kuna vipande vya chuma vinavyokutana na kuachana, umeme unapita vikikutana. Umeme wetu ukiwa unapanda na kushuka, vinaungua na kugandana kama ugali na sufuria. Hapo hata taima iseme simama, mlango useme simama, askofu aseme simama, hakuna kitu. Kulikuwa na shule moja ya bweni, mpishi wao alikuwa anaisimamisha draya kwa kuipiga ubavuni na mwiko. Anapiga, inasimama. Walimu wakampa heshima kubwa, wakasema ana mkono. Akienda likizo draya inazunguka tu mpaka wazime umeme wa bweni zima. Nilipobadilisha kontakta, yule mama alininunia kweli kweli. Nilikuwa nimemwondolea cheo.

Tena si kila isiyosimama ni mbovu. Gesti moja pale Makambako waliniita mbio, mashine mpya, eti ina pepo. Inasimama, inanyamaza, halafu inazunguka kidogo yenyewe bila mtu, inanyamaza tena. Mhudumu amekaa mlangoni na rozari. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nguo zilishakauka zamani, mashine ilikuwa inazigeuzageuza zisijikunje, ikingoja mtu aje azitoe. Nikafungua mlango, nikatoa taulo, pepo likatoka. Mhudumu akaniuliza, "Mzee, na wewe ni mtumishi?"

Wa nne ndiye mwenye hadithi hii. Tunamwita pua.

Draya nzuri za kibiashara zina pua ndani, kidude kidogo kinachopimia unyevu wa hewa inayotoka kwenye nguo. Hewa ikiwa na maji, pua inasema, "Bado, endelea." Hewa ikikauka, inasema, "Zimeiva." Hapo mashine inazima moto, inazungusha kidogo kupoza, inasimama. Hakuna wa kuhesabu dakika. Ni kama mama anayepika bila saa, ananusa tu.

Sasa twende Njombe.

Mama Vumilia alikuwa na dobi lake pale mjini, barabara ya kuteremkia sokoni. Alinunua draya ya gesi, mtungi uko nje nyuma ya nyumba, kwa fedha ya miti aliyoiuza baada ya mume wake kufariki. Miti ya miaka mingi, ile mtu anapandia watoto wake. Kwa hiyo unaelewa, ile mashine haikuwa chuma, ilikuwa shamba. Alikaa pale na mama yake mzazi, Bibi Rozina, na mtoto wake wa mwisho, Tumsifu, ambaye alikuwa bado ananyonya. Mama Vumilia anafua, bibi anamlea mtoto kwenye benchi la wateja, maisha yanaenda.

Akanipigia simu.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mama."

"Draya haisimami."

"Inazunguka mpaka saa ngapi?"

"Mpaka niizime mwenyewe. Gesi inaisha, na shuka bado zina unyevu kama zimelala nje na ng'ombe."

Nikamwambia kesho naja. Kesho yake nikapanda Njombe, na ndugu yangu, nilipokelewa! Uwanja umefagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Madirisha wazi. Bibi Rozina amevaa kitenge cha Jumapili. Viazi vya kuchemsha, chai ya maziwa, na bakuli la maji ya moto la kunawia lenye kitambaa juu. Nilikula kwanza, sitasema uongo. Halafu tukaweka shuka mbichi, tukawasha. Ikazunguka, ikapiga moto, ikafika mahali pake ikapoa, "ka!" Ikasimama. Shuka zimekauka kama karatasi.

Tukatazamana.

"Imekuogopa," alisema Bibi Rozina.

Nikapima mlango, taima, kontakta, vyote vizima. Nikasafisha chujio la manyoya ya nguo, ambalo hata hivyo lilikuwa safi, wamelisafisha kwa ajili yangu. Nikaondoka na mfuko wa viazi. Sijamaliza kuvua viatu Makambako, simu inalia.

"Baba, haisimami."

Nikarudi siku nyingine na kontakta mpya na pua mpya. Mapokezi yale yale, mistari ya ufagio ile ile, safari hii kulikuwa na kuku. Nikabadilisha vyote viwili. Ikasimama. Lakini nikukumbushe, hata kabla sijabadilisha ilikuwa inasimama! Nikajua hapa kuna jambo linanicheka.

Siku hiyo Mama Vumilia hakuniletea chai kwa kicheko. Alikaa kwenye ukingo wa beseni akasema gesti iliyokuwa inampa shuka imemwambia wakiletewa mbichi tena watapeleka kwingine. "Baba, kichwa kinaniuma kila siku kwa mawazo."

"Siyo wewe tu," Bibi Rozina akadakia. "Humu ndani kila mtu kichwa kinamuuma kwa sababu ya hiyo mashine. Hata wateja. Huyu peke yake ndiye hana mawazo." Akampigapiga Tumsifu mgongoni. "Nyumbani analia kama redio. Akifika hapa, dakika mbili tu, gogo."

Nami nikacheka, nikamsifu mtoto. Unaona? Niliambiwa kila kitu. Nilikuwa na masikio mawili makubwa, nayo yote yalikuwa ndani ya mashine yakisikiliza mkanda wa ngoma.

Na macho pia. Niliona ukuta wa chumba kile una ukungu mweusi pembeni kama ukuta wa bafu. Nikajisemea, ni Njombe hii, hata mkate unaota ukungu ukiutazama. Niliona benchi la wateja limeng'aa kwa kukaliwa upande mmoja tu, upande wa pili bado una vumbi la seremala. Nikapita.

Mara ya tatu aliponipigia nikamwambia nitafika jioni. Lakini asubuhi hiyo Makambako kulikuwa na lori la kwenda Njombe kupakia parachichi, dereva namfahamu, nilishamtengenezea feni. Akasema, "Mzee panda, mbele kuna nafasi." Nikapanda. Njiani kulikuwa na ukungu wa kuukata kwa kisu, baridi ya mwezi wa saba ile inayoingia mpaka kwenye meno. Tukafika mapema mno. Nikasema si vibaya, nitangojea kwenye benchi.

Nasukuma mlango, hausukumiki. Kuna blanketi limesokotwa kwa ndani, chini ya mlango. Nikasukuma kwa bega. Ndani ni joto zuri, la kukufanya usahau deni la mtu. Madirisha yamefungwa, yameshindiliwa matambara kwenye nyufa zote. Vioo vinatoka jasho. Akina mama watatu wa sokoni wamebanana kwenye ule upande wa benchi unaong'aa, wamejitanda vitenge, wanasinzia. Na chini ya benchi, pale miguuni pao, limelala bomba la draya. Lile la kutolea hewa chafu nje, laini, lenye mikunjo kama utumbo. Wamelivuta kutoka kwenye tundu la ukuta, wameziba tundu kwa mto, mdomo wa bomba uko ndani unapumua. Na mbele kabisa ya ule mdomo, amekaa Bibi Rozina, na Tumsifu mapajani mwake, gogo.

Draya inazunguka. Haina dalili ya kusimama leo wala kesho.

Hapo sikuwa fundi tena. Nilipita nyuma nikafunga gesi kwenye mtungi. Nikarudi nikang'oa blanketi, nikafungua mlango mpaka mwisho, nikafungua madirisha, matambara yakaruka. Nikapaza sauti, "Wote nje! Nje jamani, nje!"

"Kuna moto?" mmoja akaamka.

"Hakuna moto, kuna hewa mbaya! Nje!"

Bibi Rozina hakusogea. "Wewe fundi una kichaa? Unamtoa mtoto kwenye baridi hii?"

"Bibi, nipe mtoto."

"Sikupi."

"Basi nitawabeba wote wawili."

Aliniangalia akaona mgongo wangu ulivyo, nadhani alinionea huruma, akanyanyuka. Tukatoka naye uani. Mama Vumilia akaja mbio kutoka kwenye karo na povu mpaka kwenye viwiko. Nikampa mtoto. Nikamwambia, mtikise, mwite jina. Akamwita. Tumsifu hakujibu. Akamwita tena, akampuliza usoni. Ile hewa ya Njombe, inayokata kama wembe, ndiyo iliyomfanyia kazi. Akakunja uso. Akafungua jicho moja, akatutazama kama watu waliokosa adabu, akalifunga.

"Mpeleke zahanati sasa hivi," nikasema. "Waambie alikuwa kwenye chumba kilichofungwa, chenye moto wa gesi. Usisahau kusema hivyo." Alikimbia bila viatu.

Sisi tuliobaki tulikaa uani tukitetemeka, na hakuna aliyekuwa na utani. Mmoja wa wale akina mama alitapika pembeni ya karo. Bibi Rozina alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mikono mitupu mapajani, anaitazama hiyo mikono.

Ngoja nieleze hapa kijana, maana hili si la kucheka. Moto wa gesi unataka hewa safi ili uwake vizuri. Ukifunga chumba, moto unakosa hewa, unatoa hewa nyingine mbaya, isiyo na harufu wala rangi. Ndiyo ile ile ya jiko la mkaa chumbani, ambayo huku kwetu kwenye baridi kila mtu ana jirani iliyemchukua. Haikubishii hodi. Inakupa kwanza kichwa, halafu usingizi. Ndiyo maana kila mtu mle ndani kichwa kilikuwa kinamuuma, na ndiyo maana mtoto alilala gogo. Kama umeitwa kwenye draya ya gesi na ukasikia neno "kichwa," acha spana, fungua dirisha.

Mama Vumilia alirudi, mtoto amefungwa mgongoni. Wamempima, wamemwangalia muda, wamesema yuko salama, ila akae kwenye hewa safi na akizidi kulala ovyo arudishwe haraka. Ndipo Bibi Rozina alipoanza kulia, kidogo tu, kwa pembe ya kitenge, na alipomaliza akawa yule yule. Akaniambia, "Sasa kama ulijua, mbona hukusema zile siku mbili?"

"Bibi, zile siku mbili bomba lilikuwa nje!"

"Si ulikuwa mgeni!" Alinishangaa kweli. "Tukukaribishe bomba limelala miguuni kama joka?"

"Na blanketi?"

"Mgeni anakaribishwa kwenye chumba chenye blanketi mlangoni?" Akamgeukia binti yake. "Huyu kwao wanakaribishwaje?"

Nikacheka, na Mama Vumilia naye akacheka. Hakuna aliyenificha kitu. Walinipa heshima yangu tu. Kila nilipokuja walifagia, wakafungua madirisha, wakarudisha bomba ukutani, wakanisafishia na ule ugonjwa wenyewe. Mashine ikapata hewa, ikakausha, ikasimama. Nikiondoka, ubaridi unarudi, bomba linarudi chini ya benchi. Ile hewa yenye maji inayotoka kwenye shuka inajaa chumbani, mashine inaivuta tena, inaipitisha kwenye shuka zile zile. Pua inanusa maji, inasema, "Bado." Ilikuwa inakausha chumba kizima cha Njombe, na ukuta, na akina mama watatu. Ingesimama lini? Ilikuwa inatii, kama Mzee Sanga alivyosema. Na aliyekuwa akiiambia "endelea" alikuwa benchi.

Ndiyo maana nakwambia, ukiitwa kazini usiende tu ulipokaribishwa. Nenda ukute uwanja haujafagiliwa. Salimia, omba radhi, kataa chai kwanza, halafu useme, "Fanyeni kama mnavyofanya siku zote, mimi sipo." Kaa kimya utazame. Nyumba iliyofagiliwa haisemi.

Nilipomwambia Mama Vumilia bomba halilali tena ndani, alinywea. "Baba, wateja wangu wanakuja kwa sababu ya hilo benchi. Dobi la kule chini lina mashine kubwa kuliko yangu. Lakini lina baridi."

"Basi tufe kwa baridi," Bibi Rozina akasema, "tuwe tumekufa kwa usafi."

Nilikaa nikafikiri. Ndipo Mzee Sanga akanijia, Mungu amrehemu. Kule misheni nyumba za mapadri na za wachungaji zina dohani, moto unawaka ukutani, moshi unapanda juu. Siku moja tukiwa wawili alinishikisha mkono kwenye matofali ya dohani. Ya moto. Akasema, "Mzungu ni mjanja. Moshi ameufukuza, joto ameliambia likae." Nikamwambia hata bibi yangu analijua hilo. Akasema, "Bibi yako alijua moto. Moshi alikuwa anaula."

Nikateremka sokoni kwa fundi bati, nikamwambia nataka bomba la bati gumu, laini kwa ndani, viungo vyake vifungwe vizuri vizibwe visivuje hata pumzi. Tukalianzia kwenye draya, tukalipitisha nyuma ya benchi kwa kuliinamisha kidogo, likatoka nje kwa tundu la upande wa pili, mdomoni tukalivisha kifuniko kinachoangalia chini ili upepo usirudi. Hilo la kifuniko nimelijifunza Makambako, kule upepo unaingia hata kwenye mfuko wa shati. Mbele ya bomba tukasimamisha mbao zenye nafasi, mgongo usiungue. Chini ya dirisha tukatoboa tundu la hewa safi, tukaweka wavu, nikamwambia Mama Vumilia siku nitakayokuta tambara kwenye hili tundu nang'oa draya naondoka nayo. Na bomba usilirefushe kupita hapo, wewe kijana unayenisoma, wala usilikunjekunje. Bomba refu lenye kona linakusanya manyoya, na manyoya ya nguo yanashika moto kuliko petroli. Weka mlango wa kusafishia, na lisafishwe.

Muda wote huo Bibi Rozina alisimama nyuma yangu akinisimamia. Kila nikisema hewa, anarudia, "Hewa. Upepo. Mtu amekula kuku wangu anazungumza upepo." Mpaka jioni akawa ananiita Fundi Upepo, wateja wakasikia, basi. Kuna watu Njombe hawajawahi kujua jina nililobatizwa.

Tukaweka shuka za gesti. Mama Vumilia alifanya ishara ya msalaba, nikawasha. Ngoma ikaenda. Bibi Rozina alikataa kukaa. Alisimama na Tumsifu mgongoni, na huyo mtoto kwa kuzoea ile sauti ya ngoma akasinzia, shingo ikalegea, na nikaona Mama Vumilia anamtazama yeye na wala hatazami mashine. Anamwekea kiganja puani. Anakitoa. Anakirudisha. Nami moyoni nikawa nasema, simama mashine, simama.

Bibi akaegemeza kiganja kwenye mbao za benchi. Akakiacha. Akageuka, akakaa pole pole, kwanza ukingoni, halafu na mgongo. Akawasogezea wale akina mama nafasi, ule upande wenye vumbi la seremala nao ukapata watu, maana sasa joto lilikwenda urefu wote.

Ngoma ikapunguza moto. Ikapoa. "Ka!"

Ikasimama yenyewe.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kuusikiliza ukimya wa chumba kile. Ulikuwa mkubwa. Tulisikia maji yanadondoka kwenye karo nje. Na kwenye ukimya huo Tumsifu, aliyezoea kulala kwenye kelele, akashtuka, akanyanyua kichwa, akatazama huku na huku kutafuta kelele yake iko wapi, akafumbua kinywa chote na kulia. Alilia, ndugu yangu! Kilio cha mtu aliyeporwa. Mishipa ya shingo, machozi, miguu inampiga bibi mbavuni.

"Fundi Upepo!" Bibi Rozina akapiga kelele kumshinda. "Umemwamsha mtoto! Iwashe tena!"

Mama Vumilia alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, anacheka na kulia pamoja.

"Mwache alie, Bibi," nikasema.

Nikakaa kwenye benchi, mgongo unapata moto taratibu, nikamsikiliza mpaka alipomaliza mwenyewe.